Dada Rahabu, Aliyetafuta Mahali Uvimbe Ulipokosa Hewa

Wapendwa mliopanda mlima kuja kutufariji, Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni Samweli, mdogo wake marehemu, nimetumwa na familia kusoma maisha yake, na mkifika pa kucheka naomba mcheke, kwa maana yeye mwenyewe hakuweza kukaa msibani bila kumchekesha mtu.

Dkt. Rahabu Zefania Msuya alizaliwa hapa Usangi tarehe 9 Mei 1946, mtoto wa kwanza wa mzee Zefania na mama Eliaichi, akaanza shule hapa hapa, akaendelea Same baba alipohamishiwa stesheni ya reli, kisha akaingia Chuo Kikuu Dar es Salaam, alikohitimu hisabati mwaka 1972 na kubaki akifundisha.

Tarehe 14 Desemba 1974 alifunga ndoa na Wilbard Mwakalinga, fundi mitambo kutoka Tukuyu, wakajaliwa watoto wawili, Ikupa na Gideoni.

Mwaka 1980 alikwenda Uswidi kusomea udaktari wa falsafa, akarudi 1984, sabuni na sukari zikiwa za foleni, na kichwani ana kazi moja tu, kutumia hesabu na picha za hospitali kuonyesha ni wapi ndani ya uvimbe wa saratani oksijeni haifiki, kwa kuwa sehemu iliyokosa oksijeni haiuawi kirahisi na mionzi, na mgonjwa hurudi nyumbani akidhani amepona. Karatasi zilipoadimika aliandika nyuma ya mitihani ya zamani, na serikali ilipofungulia biashara ya nje shemeji Wilbard alimpatia kompyuta, akaiunganishia betri za lori, hata umeme ukikatika mtaa mzima, Rahabu anaendelea.

Mwaka 1991 hesabu zake zilikataana na picha alizotumiwa na wenzake wa Uswidi, yeye akisema sehemu fulani ya uvimbe ina oksijeni kwa kuwa mshipa wa damu uko jirani, picha ikisema haina, na madaktari wa huko wakawa karibu kuiacha kazi yote. Akaja likizo amenuna, akamkuta mke wangu Doris shambani, mahindi yamenyauka kando ya mfereji, akamuuliza, "Wifi, mfereji si huu hapa?" Doris akamjibu, "Mfereji upo, wifi, ila leo maji si zamu yetu."

Dada alicheka mpaka akakaa chini, maana alitambua kwamba mshipa nao waweza kuwepo na damu isipite kwa muda, akaandika hesabu upya, akaomba mgonjwa mwenye uvimbe ule apigwe picha siku mbili tofauti, na siku moja sehemu ile ilionekana haina oksijeni, siku nyingine inayo, kama hesabu zake mpya zilivyosema. Tangu hapo madaktari wale walipanga mionzi kwa ramani zake, na mwaka 1994 mama mmoja wa huko aliyepona uvimbe wa shingo alisafiri mpaka hapa kumshika mkono, Doris akamlisha makande, akaomba aongezwe.

Kuanzia Agosti 1998 alisumbuliwa na moyo, akatibiwa Same, kisha Moshi, ambako kitandani alimsahihishia mwanafunzi wake Saada tasnifu yote, akaipitisha, akatutoka alfajiri ya Jumanne, tarehe 2 Machi 1999, shemeji akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia na kuvumilia utani wake, majirani mliopika na kuchota maji, na wanachuo mliosafiri usiku kucha.

Dada Rahabu, tulijivunia kuitwa ndugu zako. Lala kwa amani, Mungu akupe pumziko.