Siku Nilipomwambia Daktari Kwamba Mguu Unaniacha

Bwana asifiwe, watu wa Mungu! Asifiwe tena, maana wa nyuma kule mmeitikia kama watu ambao hawajanywa chai.

Mimi ni Mama Kabula wa Pasiansi, yule wa sauti ya kwanza kwenye kwaya, anayecheza mstari wa mbele. Mnakumbuka mwaka jana nilisimama hapa hapa nikashuhudia kuwa mguu wangu umepona. Ndugu zangu, leo nimekuja kuusahihisha ushuhuda ule. Maumivu yalipumzika siku mbili tu, mimi nikakimbilia kipaza sauti!

Shida ilianza baada ya kumzaa Kabula. Nyonga ya kushoto ilikuwa inauma, na nikigeuka ghafla naiona kama inataka kuchomoka. Sasa mnajua nyumba zetu zilivyo juu ya mawe. Asubuhi moja nashuka kwenda dukani, mtoto mgongoni, mguu ukalegea ghafla, ukaniacha. Nilidaka jiwe, tukapona. Lakini tangu siku hiyo niliogopa kumbeba. Akawa anabebwa na mama mkwe, na mtoto akisinzia ananyoosha mikono kwa bibi yake, mimi nipo hapo naangalia. Hiyo iliniuma kuliko nyonga yenyewe.

Nikaenda kupiga picha ya eksirei. Daktari akaniuliza kama naumwa. Ndugu zangu, si mnajua tulivyofundishana kukiri ushindi? Nikamjibu kwamba siumwi, kwa jina la Yesu! Mguu unalegea? Haulegei, kwa jina la Yesu! Daktari wa watu akaitazama picha, hakuna kilichovunjika, akaandika niko salama. Nikarudi nyumbani na ushindi wangu, nachechemea.

Mama mkwe hana maneno mengi. Aliichukua ile picha, akaifunga kwenye kitenge, akasema twende kwa daktari wa mifupa. Tukamkuta mzee mpole. Nikamwamkia, akaiweka picha kwenye taa, akachukua rula na penseli. Akakizungushia duara kichwa cha mfupa wa paja, akachora mistari, akapima pembe. Akanieleza kuwa nyonga ni kama mpira ndani ya kikombe, na kikombe changu nimezaliwa nacho kifupi kidogo, hakiufuniki mpira vizuri. Kidogo tu, kipimo kiko mpakani. Akapima na paa la kikombe, nalo limeinama kuelekea nje. Nikamuuliza, basi nyonga imeshika au haijashika? Akaweka rula chini.

"Mama, wapo wenye kipimo hiki hiki wanalima mpaka uzeeni. Picha imepigwa umelala, haijakuona ukitembea. Nusu ya jibu iko hapa, nusu nyingine unayo wewe. Mguu unakuacha, au haukuachi?"

Jibu langu la siku zote lilikuwa limeshafika mdomoni. Nikamwona mama mkwe amempakata Kabula, anatazama sakafu.

"Unaniacha, daktari. Uliniacha nikiwa na mtoto mgongoni."

Nikalia, tena si kidogo. Yule mzee akaukunja mguu, akaugeuza huku na huku, akasema sasa vipimo vyake na maneno yangu vinakubaliana. Kisu hakihitajiki kwa sasa. Akanipa mazoezi ya kukaza misuli ya nyonga, akanikataza kuchuchumaa na kujizungusha. Ndiyo maana siku hizi kwaya haichuchumai. Mlidhani tumezeeka!

Miezi ile kila asubuhi nilikuwa kwenye mkeka, Kabula akidhani ni mchezo, ananipanda tumboni. Taratibu mguu ukaanza kunisikia. Wiki iliyopita nilirudi kwa daktari, akanisimamisha kwa mguu mmoja, nikasimama. Kikombe ni kile kile, ndugu zangu, na pembe ni ile ile. Ila misuli imekishika, na mimi sidanganyi tena.

Namshukuru Mungu aliyempa yule mzee rula, na mimi akanipa mdomo wa kusema kweli. Na wewe uliyekaa hapo unasema huna shida huku unaumia, Mungu haaibiki ukitaja panapouma. Mtumaini, umwambie. Kisha nenda ukapimwe, na daktari naye umwambie.

Mama, naomba mtoto. Mfunge hapa mgongoni, kaza kitenge. Ngazi za madhabahu ni tatu, na leo natanguliza mguu wa kushoto. Kwaya, imbeni.