Mwalimu Taratibu, Aliyewasindikiza Wanafunzi Wake Hadi Kazini

Marehemu, mama ambaye wengi mlimjua kama Mwalimu Taratibu kwa sababu hakumharakisha mtu yeyote, alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa pili kati ya watano wa baba seremala na mama mshonaji. Tangu utotoni alipanga viatu vya nyumba nzima mlangoni kwa ukubwa, na ole wake aliyevivuruga.

Alianza shule ya msingi mwaka 1965, akaendelea na sekondari, na akahitimu chuo cha ualimu Novemba 1978.

Alifundisha darasa la kwanza kwa miaka kumi na moja. Mwaka 1989 alihamishiwa kitengo cha wanafunzi wenye usonji, ambacho wenzake walikuwa wakikikwepa. Alikubali kwa mwaka mmoja tu. Hakutoka tena.

Agosti 2004 alikwenda kumjulia hali binti mmoja wa kitengo hicho, aliyemaliza shule miaka miwili nyuma. Alimkuta kitandani, ameuelekea ukuta.

"Hatoki, haongei," mama mtu alimwambia. "Miaka yote ile, mwalimu, ulikuwa unamfundisha ili iweje?"

Swali lile lilimchoma. Kisha akaanza kubisha hodi kumtafutia kazi kwenye maktaba, maghala na viwanda, hadi akafika naye chumba cha kufulia cha hospitali. Msimamizi alimtazama yule binti, akatikisa kichwa.

"Mwalimu, huyu hata haniangalii usoni."

"Kwani unataka akuangalie wewe, au aangalie shuka?"

Bwana yule akajikuta anacheka, akawapa wiki moja.

Siku ya kwanza mashine ilipiga king'ora. Binti akajitupa chini ya meza, ameziba masikio. Msimamizi akasema basi, yameisha. Marehemu akavua viatu, akaingia naye chini ya meza, akakaa kimya dakika arobaini. Walipotoka aliomba mambo mawili: vizuia sauti vya masikioni, na kazi iandikwe ukutani hatua kwa hatua. Msimamizi aliyashughulikia mwenyewe. Binti yule bado yuko pale. Ndiye anayewafundisha wageni kukunja shuka, na pembe ikipinda hana huruma.

Tarehe 10 Desemba 1983 marehemu alifunga ndoa na fundi umeme aliyeitwa kutengeneza taa za ofisi ya walimu. "Aliniambia waya umekaa upande," mumewe husimulia. "Nilikwenda kutengeneza taa, nikarudi nimetengenezwa mimi." Walijaliwa watoto watatu.

Alistaafu mwaka 2018, lakini kwenye karatasi tu; aliendelea kuwatafutia kazi vijana wengine waliopita kitengoni kwake. Oktoba 2023 aligundulika kuwa na saratani ya ini. Hali ilipozidi, alimwita binti yake mkubwa.

"Vijana wangu waambieni waziwazi kwamba nimekufa. Msiseme nimelala, watakaa kusubiri niamke. Na mtu asiwatoe kazini ghafla kwa ajili ya mazishi."

"Mama, pumzika."

"Nitapumzika. Andika kwanza."

Alifariki Jumapili tarehe 2 Juni 2024, saa nne asubuhi, mumewe akiwa amemshika mkono. Binti yake aliwapigia vijana wote simu, mmoja baada ya mwingine, kwa maneno yaleyale aliyoagizwa.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu watano, kaka mmoja, wadogo zake watatu, na vijana ishirini na sita walioajiriwa. Tisa waliomba ruhusa na wako nasi hapa. Waliobaki wako zamu, kama alivyotaka.

Mungu ampokee, ampe pumziko lenye amani.