Orville Tesch na Moja Iliyoinama

Leo, Jumapili tarehe 5 Septemba 1965, mechi ikimalizika, Bwana Orville Tesch atafunga mlango wa ubao wetu wa matokeo na kustaafu, baada ya misimu thelathini na mitatu. Uwanja mzima wa besiboli wa Kettle Landing unamjua kwa mikono tu, inayotokeza kwenye matundu ya ubao. Uso wake wengi mtauona leo kwa mara ya kwanza, mtuwie radhi.

Kazi aliirithi kwa baba yake, Mzee Emmet, aliyefariki mwaka 1932 humo humo ndani ya ukuta wa ubao, ameketi kwenye benchi, mechi imekwisha na namba zote ziko mahali pake. Kazi yenyewe ni kutundika vibao vya bati vyenye namba, raundi baada ya raundi. Vya mzee viliinama kulia siku zote, na hakuna aliyeweza kumrekebisha. Vya Orville vimenyooka kama vimepigwa rula. Mwaka 1938 nyuki walihamia mle ndani, naye akamaliza mechi amevaa ndoo kichwani.

Lakini najua mnangoja ya tarehe 12 Agosti 1951, tulipocheza na Dunmore. Raundi tisa za kawaida ziliisha mabao mawili kwa mawili, na kwa kuwa mchezo wetu hauna sare, tukaendelea. Kumi na mbili, kumi na sita, ishirini, sifuri tupu. Upepo ulikata. Mashabiki waliacha kushangilia, wakawa wanautazama ubao tu. Mimi nilisimama na reki yangu kando ya benchi letu, nikisikia bati likigonga msumari ng'ambo ya uwanja. Niliogopa, nakiri.

Mrushaji wetu tangu mpira wa kwanza alikuwa Leland, mdogo wake Orville. Hatukuwa na mwingine. Dunmore walipotoka bila bao raundi ya ishirini na moja, Leland alirudi kwenye benchi, akashindwa kushika kikombe cha maji. Orville, aliyeuona mkono ule ukining'inia, alitundika sifuri ya wageni, akafunga mlango kwa ufunguo, akaja mbio kwa kocha, Gus Haverkamp.

"Gus, mtoe mdogo wangu. Mkono unakufa huo!"

"Nimweke nani? Wewe?"

"Niweke hata mimi!"

"Rudi kwenye ubao wako, bwana, usinichanganye."

Hapo mama mmoja jukwaani akapaza sauti: "Nyie, mbona mshaandika moja?"

Tukageuka. Kwenye nafasi yetu, na hatujapiga hata mpira mmoja wa raundi hiyo, palining'inia moja. Ilikuwa imeinama kulia. Orville alikuwa ubavuni mwangu, ufunguo mkononi.

"Nani yuko mle?" Gus alinong'ona.

Orville alivua kofia.

Mpigaji wetu wa kwanza alifika kituo cha pili. Wa pili akapiga mpira dhaifu wa kujiviringisha, ambao hata bibi yangu angeudaka, nao ukamruka mlinzi wa Dunmore juu ya bega. Mkimbiaji wetu akafunga bao, mechi ikaisha. Baadaye niliipekua ardhi ile kwa magoti. Hapakuwa na jiwe wala shimo. Leland aliketi chini akalia, na watu wakaondoka bila kelele.

Leland alicheza misimu sita zaidi kwa mkono ule ule. Siku hizi anakanda mikate Mtaa wa Locust, na ndiye atakayemkabidhi kaka yake saa ya zawadi leo.

Kuanzia msimu ujao ubao ni wangu. Jana Orville alinionyesha ndani: vibao, ndoo, na benchi la watu wawili. Nilipotaka kukaa katikati, alinishika mkono.

"Huku, Merle, upande wa mlangoni. Pale pana mwenyewe."

Asante, Orville, kwa kila namba. Nenda kapumzike, ujinyooshe katikati ya kochi lako, uishi miaka mingi yenye raha. Vibao nitajitahidi kuvinyoosha. Na nitakaa upande wa mlangoni.

Merle Jurgens, mtunza uwanja