Jirani Amegoma

Benchi la Penina, muuza kahawa wa Maji ya Chai, lina miguu mitatu na tofali, na wanaolikalia hawajawahi kushindwa na kesi ya mtu mwingine. Siku hiyo kesi ilikuwa ya Lucky, kijana anayesambaza intaneti kuanzia hapo hadi Makumira. Alikuwa ameinamia kompyuta mapajani, waya umeingia kwenye ruta mpya chini ya mnara wake, nyuma ya banda. Asubuhi aling'oa ruta ya zamani akafunga hii, na tangu hapo hakuna mteja aliyefungua hata picha ya mtoto. Hosteli ya wanafunzi, ambayo ndiyo nusu ya biashara yake, ilishamtumia ujumbe: mtandao usiporudi kabla ya jioni, tunahama. Mlima ulikuwa umevaa mawingu, watu wamevaa makoti, na Lucky anatokwa jasho.

— Tatizo nini hasa, mwanangu? — aliuliza Mzee Kaanaeli, anayeitwa Katiba kwa sababu kwake hata kikohozi kina kifungu.

Lucky akafanya kosa la kumjibu.

— Jirani, mzee. Jirani hajanikubali.

Penina akaacha kumimina kahawa.

— Jirani yupi tena?

— Wa mpakani. Kila upande unaandika namba yake na namba ya mwenzake. Zisipolingana, hatuongei.

— Mambo ya mpaka hayo! — Eliya akapiga paja. Huyu aliendesha malori miaka mingi, wanamwita Gia. — Si nilisema?

Hakuwa amesema kitu.

— Ni ruta ya kampuni ya mjini, anko — Lucky alijitetea. — Ndiyo inanipa njia ya kutokea.

— Jirani ni jirani — Katiba akakata shauri. — Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Kwa hiyo huyo nyoka yuko hapa hapa.

— Na mashine yenyewe inasemaje? — Penina aliuliza.

— Inasema jirani yuko "aktivu".

— Kumbe ni mzima, basi! Mungu ashukuriwe.

— Hapana, mama. Aktivu maana yake napiga hodi, sifunguliwi. Na hata akifungua, akinyamaza dakika chache tu, ruta inahesabu amekufa.

— Amekufa? — Katiba alishtuka. — Bila hata matanga?

— Mimi najua ugonjwa — alisema Gia. — Intaneti inatoka mjini vizuri, inafika Kikatiti inakuta matuta. Lazima ipunguze mwendo.

— Kikatiti iko mbele, Gia — Penina alimkatiza. — Ukitoka mjini unaanza hapa.

— Ndo maana imepotea! Imetupita!

— Ruta umenunua wapi? — Penina aliuliza.

— Moshi.

— Kwa wafanyabiashara? Basi iache. Hiyo haiongei na jirani mpaka ijue itapata nini.

Walicheka wote, na Lucky alitamani kulia. Hosteli ilikuwa imepiga tena, hakupokea. Angemwambia nini mwenye hosteli, kwamba jirani amenuna?

— Sasa huyo jirani — Katiba hakuwa amecheka sana — ulimwambia nini mpaka akafunga mlango?

— Bado sijamwambia kitu. Akinikubali ndiyo namtangazia njia zangu.

— Njia! Mpakani kwa mtu! — Katiba alisimama na fimbo yake. — Nimeshaelewa. Haraka haraka haina baraka, kwa hiyo niwahi.

Akaondoka. Lucky hakumwona, macho yalikuwa kwenye kioo. Penina na Gia walimwona, wakajua anakokwenda. Nyumbani, Lucky amepakana na Mzee Solomoni, migomba kwa migomba, na kati yao hakuna ukuta ila mstari wa masale, mimea ya kuwekea mpaka, uliopandwa na mababu. Na kwetu, ukimkosea mtu unamtuma mzee ampelekee jani la isale. Mwenye kulipokea lazima asamehe, na mwenye kulituma amekiri kosa.

— Tumwambie? — Penina alinong'ona.

— Mwache kijana afanye kazi yake — alijibu Gia. — Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta ni kitu kizuri.

Lucky alirudia kusoma namba ya jirani, tarakimu moja moja, kidole juu ya kioo. Akaguna. Tarakimu mbili za mwisho alikuwa amezipindua. Mjinga mimi! Kutwa nzima alikuwa anamwita mtu kwa jina la mwingine, kisha anashangaa haitikii. Akafuta, akaandika upya, akasubiri na roho mkononi. Neno kwenye kioo likabadilika. Simu ikaanza kulia ujumbe juu ya ujumbe.

— Amekubali! — aliruka, waya nusura ukatike. — Jamani, jirani amekubali!

— Nimekubali, ndiyo — sauti ilijibu nyuma yake.

Mzee Solomoni alikuwa amesimama, jani la isale mkononi, bichi kabisa. Katiba alimfuata kwa karibu, uso wa mtu aliyemaliza kazi.

— Sh... shikamoo, mzee.

— Marahaba. Nimelipokea, na nimekusamehe kutoka moyoni. Kijana anayekiri kosa mwenyewe siku hizi yuko wapi? Ila Katiba amenieleza nusu tu, eti namba za mpaka hazilingani. Sina hasira. Niambie tu, mwanangu: umeyasogeza masale hatua ngapi?

Gia akageukia barabarani. Katiba akaanza kutafuta kitu mfukoni. Penina akatangaza kwamba kahawa imekwisha, na birika bado lilikuwa linatoa mvuke.

Mzee Solomoni akaketi kwenye benchi, upande wa tofali, akasubiri.