Kaza, Ngoja: Maisha ya Fundi na Pula Yake

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1952, mtoto wa tatu wa fundi cherehani na muuza mkaa, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya ghala la mbao. Mama yake alikuwa akisema kwamba alichelewa kuzaliwa, na tangu hapo hakuna aliyefaulu kumharakisha.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1966, kisha akahitimu ufundi wa mitambo mwaka 1971. Hesabu alizipenda. Kuimba, walimu walimwomba aache.

Mwaka uliofuata aliajiriwa katika karakana ya injini za boti, na huko ndiko alikopata jina. Alipewa kazi ya kutoa kikombe cha beringi, kile kinachokaa nyuma ya propela, ambacho chumvi hukigandisha mpaka kigome kabisa. Akakivuta kwa nguvu zake zote bila kufungua kwanza ringi inayokishikilia. Masikio ya kikombe yakakatika.

"Injini haina pupa," msimamizi alimwambia. "Mwenye pupa ni wewe!"

Aliona haya, lakini hakukata tamaa. Alichonga pula yake mwenyewe, kifaa cha kuvutia vikombe: kipande cha chuma, kulabu mbili na boliti ndefu katikati. Kuanzia hapo alifungua ringi kwanza, akakaza boliti kidogo, akaenda kunywa chai, akarudi akakaza tena. Wateja waliohema mlangoni aliwajibu, "Kaza, ngoja. Kitatoka chenyewe." Watu wakamwita Kaza-Ngoja, naye akaliandika jina hilo juu ya mlango alipofungua karakana yake mwaka 1990.

Tarehe 18 Agosti 1979 alifunga ndoa na muuguzi wa zahanati. Hata posa aliileta kwa mwendo ule ule: Jumapili moja alisema nusu ya maneno, akaaga, akarudi Jumapili nyingine. "Nikaona huyu atanizeesha," mkewe husimulia, "nikamalizia mwenyewe." Walipendana sana.

Mwaka 2021 kiharusi kiliulegeza mkono wake wa kulia. Mkono aliusamehe. Kilichomnyima raha ni hofu kwamba karakana ingefungwa, kwa kuwa binti yake wa mwisho, aliyeishika kazi, alikuwa hodari lakini moto wa kuotea mbali. Mwezi uliopita kikombe kimoja kilimgomea, akanyakua nyundo.

"Mama, weka nyundo," marehemu alisema kutoka kwenye kiti chake. "Ringi umefungua?"

"Ringi gani, baba?"

Wote wawili wakaangua kicheko mpaka machozi yakawatoka. Binti akafungua ringi, akafunga pula, akakaza, kisha bila kuambiwa akaenda kumimina chai. Walikuwa hawajamaliza glasi zao waliposikia "ko!" Kikombe kilikuwa kimeachia.

"Haya," marehemu alisema. "Karakana ina fundi."

Baada ya hapo alilala vizuri. Kiharusi cha pili kilimchukua nyumbani, asubuhi ya tarehe 9 Juni 2024, mkewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu watano na dada mmoja. Pula iko kwenye msumari wake, na Jumatatu binti yake atafungua mlango. Wenye haraka waje na subira zao.

Kaza-Ngoja amekaza vya kutosha. Sasa apumzike kwa amani, atungoje. Tutakuja wenyewe.