Mama Viluwiluwi Aaga Bwawa na Ziwa

Baada ya miaka thelathini na miwili ya kufundisha sayansi shuleni kwetu, mwalimu ambaye wanafunzi humwita Mama Viluwiluwi anastaafu rasmi tarehe 30 mwezi huu. Chumba cha walimu kimeshaanza kupwaya.

Muhula wake wa kwanza tu, aliomba ruhusa ya kuwapeleka watoto ziwani. Vyandarua vikuukuu akavigeuza nyavu, mabeseni akaazima jikoni. Tangu hapo darasa la sita limekuwa likienda kuchungulia konokono, samaki wachanga na mayai ya vyura, kisha kila kiumbe kinarudishwa majini salama. Mimi mwandishi nafundisha hesabu, na vyura nawaogopa kupita kiasi. Mwaka mmoja alinikabidhi beseni nimshikie kidogo tu. Chura akaruka, nikaliachia, nikaoga maji ya ziwa na suti yangu. Wanafunzi wa mwaka ule, sasa watu wazima wenye watoto wao, wakikutana nami bado wanauliza kama suti ilikauka.

Dereva wa basi katika safari hizo alikuwa mumewe. Alisimama ufukweni na mataulo begani, akimwita kila mtoto kwa jina lake. Alipofariki, safari zikakoma. Mwenzetu alirudi kazini baada ya msiba, akafundisha viumbe wa majini kwa michoro ubaoni, bila kukosea neno na bila kucheka. Tulimpa pole mpaka maneno yakatuishia. Mwaka uliofuata alimwambia mwalimu mkuu kwamba anafikiria kuacha kazi.

Sijui habari za ofisini huwafikiaje watoto. Asubuhi moja darasa la sita liliingia chumba cha walimu na beseni la maji ya tope, waliyoyachota kwenye bwawa dogo nyuma ya bustani ya shule. Ndani mlikuwa na mdudu wa kahawia mwenye macho makubwa. Walitaka kujua ni nani huyo. Mwalimu akavaa miwani, akainama.

"Mtoto wa kereng'ende. Mrudisheni pale pale mlipomtoa, maji yasije yakapata joto."

"Tumepasahau, Mwalimu," akajibu kiranja wao, binti mdogo, bila kupepesa macho. "Labda twende wote."

Bwawa lenyewe halizidi chumba cha kulala. Hakuna pa kupotea. Mwalimu akamtazama yule binti, kicheko kikamponyoka, na machozi yakafuata hapo hapo. Akavua viatu, akaenda nao peku. Kutoka dirishani tulimwona amepiga magoti matopeni, watoto wamemzunguka, kidole chake kikielekea majini. Siku hiyo hakuna aliyethubutu kupiga kengele ya kipindi mpaka waliporudi.

Muhula uliofuata basi likaenda ziwani. Njia nzima alikaa nyuma ya dereva mpya, mkono wake mikononi mwa kiranja. Walipofika, yeye ndiye aliyetangulia kuingia majini.

Sasa anahamia kwa binti yake kulea mjukuu. Mwakani darasa la sita likienda ziwani, tumemwalika kama mgeni rasmi: akae kivulini, asilowe. Kuja amekubali. La kutolowa hakuahidi.

Ahsante, dada yetu, kwa kuwavumilia watoto, na kwa kutuvumilia sisi. Tunakuombea afya njema, asubuhi zisizo na haraka, na mjukuu mwenye maswali mengi.