Wifi Yangu, Mama Choo wa Soko Kuu

Ndugu, jamaa, majirani na wenzetu wa sokoni, familia imeniomba mimi niwasomee maisha ya mpendwa wetu, na nimekubali kwa sababu nimekuwa wifi yake kwa miaka thelathini na miwili, ingawa wengi wenu mlimfahamu kama Mama Choo, jina alilobandikwa kwa kejeli, akalizoea, na mwishowe akawa analiitikia haraka kuliko lile la wazazi wake.

Alizaliwa tarehe 4 Machi 1968, mtoto wa pili kati ya sita, baba yao akiwa kibarua wa kuchimba mitaro ya barabara na mama yao mkulima. Alianza shule ya msingi mwaka 1976, akamaliza 1982 akiwa wa tatu darasani, lakini mwaka ule shule yao ilipewa nafasi mbili tu za sekondari, hivyo akaenda kujifunza ushonaji kwa miaka miwili, na alikuwa akisema, bila uchungu, kwamba nafasi ile aliikosa kwa kichwa kimoja, nacho kilikuwa cha mtoto wa mwalimu mkuu.

Mwaka 1985 alipata kazi kwa fundi mmoja, kazi ya kukaza vifungo na kupinda mikunjo, hadi Juni 1990 alipopata cherehani yake mwenyewe, akaiweka kwenye kibaraza cha soko, jirani na wauza vitunguu, na hapo ndipo kaka yangu, fundi redio, alipompelekea suruali ipunguzwe, ikapunguzwa, akairudisha ipunguzwe tena, na tena, mpaka suruali ikawa haivaliki, ndipo sisi nyumbani tukajua kuna jambo.

Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 14 Desemba 1991. Nakiri mbele yenu kwamba sikumpokea vizuri, nilimwona ana maneno mengi, lakini nilipoajiriwa halmashauri mwaka uliofuata aliniletea gauni la siku ya kwanza kazini, bila kunipima, bila kuulizwa, likanikaa kama nimezaliwa nalo, na tangu siku ile nikakosa sababu ya kununa.

Mungu aliwajalia watoto watatu, binti aliyezaliwa 1993, ambaye leo ni muuguzi, mvulana aliyezaliwa Januari 1995, na kitinda mimba wa mwaka 2000. Mvulana hayupo nasi. Aprili 1999 kipindupindu kilianzia pale sokoni, mtoto akaugua Jumanne, na Alhamisi tarehe 22 akafariki wodini, akiwa na miaka minne. Kaka yangu alifunga meza yake ya redio karibu mwezi mzima, lakini wifi alirudi kwenye cherehani baada ya siku kumi na mbili, akawa anamuuliza kila mteja swali moja, imekuwaje soko la watu zaidi ya mia sita, wanaolipa ushuru kila asubuhi, liwe na choo kimoja chenye kufuli, na ufunguo uwe mfukoni mwa msimamizi.

Akaanza kuiandikia halmashauri barua, kwa mwandiko ulionyooka kama mshono wake, na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa karani wa masijala, zote zilipita mikononi mwangu, nikazipiga muhuri wa kupokelewa, nikaziweka kwenye faili, barua kumi na moja kwa miaka saba. Majibu yaliyotoka palepale masijala yalikuwa yaleyale, bajeti, labda mwaka ujao. Jina la Mama Choo lilizaliwa ofisini kwetu, na mimi nilicheka pamoja na wenzangu, kwa kuogopa kibarua changu kisiote nyasi. Ilinichukua miaka hiyo saba kwenda kwake Jumapili moja na kumwambia, "Wifi, barua zako hazijawahi kutoka kwenye kabati langu."

Hakunifokea. Aliendelea kusokota uzi, kisha akaniuliza, "Na vikao vyao, nani anapanga vifanyike wapi?"

Nikamweleza, naye akakusanya sahihi za wafanyabiashara za kuomba baraza la madiwani likae siku moja sokoni, safari hii nikahakikisha karatasi inafika mezani kwa mwenyekiti, na kwa kuwa uchaguzi mdogo wa kata yetu ulikuwa unakaribia, waheshimiwa wakakubali. Walikuja Ijumaa tarehe 9 Juni 2006, wakaketi chini ya turubai tangu saa tatu asubuhi, yeye mwenyewe akiwamiminia chai, maji na soda, wala hakuacha kikombe kikauke. Ilipofika saa sita mwenyekiti alikuwa amebadilisha mguu wa kukunja mara nyingi, akamnong'oneza msimamizi, msimamizi akaenda kufungua kufuli, na ndani mlikuwa mmejaa magunia ya mkaa. Mwenyekiti akauliza watu wa hapa huenda wapi. Wifi alisimama, hakucheka, akajibu kwa upole, "Mheshimiwa, wanaume wanakwenda nyuma ya ukuta ule. Sisi wanawake hatuendi. Hatunywi maji mpaka jioni."

Hoja ilipitishwa kabla ya chakula cha mchana. Ujenzi ulichelewa, mkandarasi akawa akimwona kwa mbali anapotea, lakini tarehe 17 Machi 2008 vyoo kumi na viwili na mabomba sita vilifunguliwa, na tangu hapo hakuna mlipuko wa kipindupindu ulioanzia pale. Aliitumikia kamati ya afya ya soko hadi 2019.

Mwaka huo miguu ilianza kuvimba. Daktari alipomuuliza hunywa maji kiasi gani, alieleza jinsi alivyojizoeza kiu tangu ujana wake, na kwamba hata vyoo vilipokuja, mwili ulikuwa umeshasahau kuomba. Vipimo vilionyesha figo zimechoka. Alisafishwa damu mara mbili kwa wiki, pale mashine ilipokuwa nzima, na alipoona nguo za wagonjwa hazifungiki vizuri mgongoni, alizichukua moja moja akazitia kamba, akisema mtu akiumwa asiaibike pia. Alifariki Jumapili tarehe 11 Februari 2024, saa nne asubuhi, kaka yangu akiwa ameushika mkono wake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa vifaa vichache na moyo mwingi, majirani waliopika na kufua bila kuitwa, wafanyabiashara mliofunga vibanda leo, na wenzangu wa halmashauri, wakiwemo wale tuliomcheka pamoja. Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watatu, na wifi mmoja ambaye hajui kesho jioni ataenda kukaa barazani kwa nani.

Pumzika sasa, wifi yangu, pumzika kwa amani.